DE HAVILLAND, MZEE WA NDEGE ZA MBAO

Mwambieni mtu kwamba katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kulikuwa na ndege ya vita iliyoundwa kwa mbao na gundi, tena ndege hiyo ikawa inazishinda mbio zile za metali. Atawacheka mpaka mbavu zimuume. Mbao si ni za madawati na vitanda? Haya, mwacheni acheke. Mimi nataka kuwasimulia habari za Mwingereza mmoja aliyechekwa hivyo hivyo, tena na wakubwa wa serikali, na bado hakulitupa ubao wake.

Geoffrey de Havilland alizaliwa tarehe 27 Julai 1882 karibu na mji wa High Wycombe, nchini Uingereza. Mji huo ulikuwa na sifa moja kuu, nayo ni viti. Mafundi wake walichonga viti vya mbao kizazi baada ya kizazi. Liwekeni jambo hilo akilini kwa maana tutarudi High Wycombe baadaye. Baba yake alikuwa kasisi, na mfuko wa kasisi mnaujua. Kijana alisomea uhandisi katika chuo cha Crystal Palace huko London, kisha akaajiriwa na watengenezaji wa magari na mabasi. Kazi yenyewe haikumkaa moyoni. Mwaka 1908 Mmarekani Wilbur Wright alipokwenda Ufaransa kuwaonyesha watu jinsi ya kuruka, habari zikavuka bahari, na de Havilland akaona kwamba mabasi si yake kabisa.

Pesa atatoa wapi? Akamwendea babu yake mzaa mama, naye mzee akamtolea pauni 1,000. Siku hizo hicho kilikuwa kitita cha kununulia nyumba, na babu alikitoa kwa kitu ambacho wengi walikiona ni wazimu mtupu. Geoffrey akaungana na fundi mitambo mmoja, Frank Hearle, ambaye baadaye alimwoa dada yake wakawa mashemeji. Wakakodi karakana London, wakaanza kupiga randa. Injini Geoffrey aliichora mwenyewe. Kitambaa cha kufunika mabawa kilishonwa na mkewe Louise, ambaye walioana mwaka huo huo wa 1909. Bibi arusi wengine hushona mapazia, yeye alishona mabawa ya ndege!

Desemba 1909 wakaipeleka ndege yao mahali paitwapo Seven Barrows, kwenye vilima vya Hampshire. De Havilland akapanda, akateremka nayo mlima kwa kasi, ikanyanyuka. Hapo akaivuta juu ghafla mno, bawa la kushoto likakatika, na kazi ya miezi mingi ikawa rundo la kuni. Yeye alitoka na majeraha madogo tu. Kitu kilichobaki kizima ni injini.

Mimi hapa ndipo ninapompendea huyu mtu. Hakukimbilia kusema mbao hazifai. Alirudi karakana akaunda ndege ya pili, nyepesi kuliko ya kwanza na imara zaidi, akaitia injini ile ile. Tarehe 10 Septemba 1910 wakawa tena Seven Barrows. Ndege iliponguruma, Hearle alilala kifudifudi kwenye nyasi ili aone kama magurudumu yameachana na ardhi kweli ama wanajidanganya. Yaliachana. Muda si muda de Havilland akawa anabeba abiria, na miongoni mwa abiria wa mwanzo walikuwa Louise na kitoto chao kichanga, Geoffrey mdogo, mikononi mwa mama yake. Mtoto huyo naye tutamkuta tena mbele, na si kwa habari njema.

Serikali ilimnunulia ndege hiyo kwa pauni 400, ikamwajiri yeye mwenyewe awe mchoraji na rubani wa majaribio huko Farnborough. Mwaka 1914 alijiunga na kampuni ya Airco, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza akachora ndege nyingi zilizotumika vitani, kama DH.2 na DH.4. Zote zilikuwa za mbao na kitambaa, lakini hilo halikumshangaza mtu kwa sababu karibu ndege zote za wakati huo zilikuwa hivyo. Vita vilipokwisha Airco ikafa, naye mwaka 1920 akaanzisha kampuni yake mwenyewe.

Sasa tuje kwa nondo. Hapa nasema yule mdudu anayezunguka taa usiku, si vile vyuma vya fundi wa nyumba. De Havilland aliwapenda nondo na vipepeo tangu utotoni, na mwaka 1925 alipotoa kindege cha watu wawili akakiita Moth, yaani nondo. Mwili wake ulikuwa wa mbao na plaiwudi, na mabawa yake yalikunjwa nyuma kama ya mdudu mwenyewe, hata ukaweza kukiweka bandani kama gari. Kabla ya hapo ndege ilikuwa kitu cha jeshi na matajiri wakubwa. Moth ilifungua mlango kwa vilabu vya urubani na watu wa kawaida (wa kawaida wa Uingereza, lakini!). Mwaka 1928 de Havilland na Louise walipanda pamoja katika Gipsy Moth wakafika zaidi ya mita 6,000 juu. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Fikirieni, bibi na bwana, ndani ya ubao na kitambaa, wako juu kuliko Kibo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1930, Amy Johnson alitumia Gipsy Moth kuruka peke yake kutoka Uingereza mpaka Australia.

Nondo hao walitufikia hata sisi. Mwaka 1929 Bi. Florence Wilson alianzisha shirika la Wilson Airways jijini Nairobi, na ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth. Uwanja ule tunaouona tukipita Lang'ata Road unaitwa Wilson kwa ajili yake. Mwaka 1931, huko Voi, Gipsy Moth nyingine ilianguka mara tu iliporuka ikamuua mwindaji mashuhuri Denys Finch Hatton pamoja na msaidizi wake Kamau. Finch Hatton ameandikiwa vitabu na filamu. Kamau huambulia mstari mmoja, akibahatika. Na shirika la East African Airways, lililohudumia nchi zetu tatu mpaka mwaka 1977, lilipoanza kazi Januari 1946 lilikuwa na ndege za de Havilland ziitwazo Dragon Rapide, nazo pia ni za mbao. Kwa hiyo babu zetu waliposikia mlio angani, mara nyingi uliokuwa ukipita pale juu ni useremala.

Wilson Airways ilikuwa na rubani mkuu aliyeitwa Tom Campbell Black. Yakatangazwa mashindano ya mwaka 1934 ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia. De Havilland hakutaka ushindi uende kwa wageni, akachora ndege maalum ya mbio, Comet, yenye injini mbili na mabawa membamba. Ngozi ya mabawa hayo ilikuwa vipande vyembamba vya sprusi, mti wa jamii ya msonobari, vilivyobandikwa kwa tabaka zilizokatana mshazari. Akina Campbell Black na mwenzake Charles Scott wakaifikisha Melbourne kwa saa 71, yaani siku tatu kasoro saa moja. Wakachukua nafasi ya kwanza.

Lakini dunia ilikuwa imeanza kuhama. Miaka ile ya thelathini, Marekani na Ujerumani walikuwa wakiunda ndege za alumini tupu, na wakubwa wa Wizara ya Anga ya Uingereza wakaona kwamba mbao ni mambo ya kale. De Havilland hakubishana sana kwa mdomo, alikuwa mtu mkimya. Mwaka 1937 alitoa ndege ya abiria iitwayo Albatross, na mwili wake haukuwa mbao za kawaida. Ilikuwa ni tabaka tatu: plaiwudi nje, balsa katikati, plaiwudi ndani.

Niwaeleze ujanja wake. Balsa ni mti wa Ecuador, mwepesi mno, tena laini, ukiubonyeza kwa ukucha unabonyea. Plaiwudi nyembamba nayo, ukiisimamisha peke yake, inapinda. Lakini chukua tabaka mbili za plaiwudi, zitenganishe kwa balsa, zibandike kwa gundi ya nguvu, na hapo umepata kitu kigumu ajabu ambacho uzito wake ni mdogo. Tazameni kadibodi ya katoni. Karatasi mbili dhaifu zikitenganishwa na ile yenye mawimbi katikati, zinabeba kreti la soda. Na jambo la pili ni ulaini. Ndege ya alumini ya siku hizo ilikuwa na maelfu ya ribiti, na kila ribiti inayochomoza inashikana na hewa. Mbao iliyopigwa msasa ikapakwa rangi haina kitu cha kushikana na hewa.

Vita vilipoanza Septemba 1939, de Havilland na wachoraji wake, wakiongozwa na Ronald Bishop, wakapeleka wizarani wazo lililowafanya watu wakune vichwa. Walitaka kuunda ndege ya kubeba mabomu, ya mbao, yenye injini mbili za Merlin na watu wawili tu ndani, na isiyo na bunduki hata moja ya kujilinda. Kinga yake itakuwa mbio. Adui hawezi kumpiga asiyeweza kumkuta. Wizara ilitaka bunduki, ilitaka watu zaidi, na wengine hawakuitaka kabisa. Aliyesimama upande wa de Havilland ni ofisa mmoja mkubwa, Sir Wilfrid Freeman, hata watu wakaanza kuiita ndege hiyo upumbavu wa Freeman. Machi 1940 zikaagizwa 50.

De Havilland alikuwa na hoja nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Alumini ilikuwa adimu, kila kiwanda kinaililia, na mafundi wa metali wote walikuwa wameshikwa. Lakini maseremala je? Wakati wa vita nani ananunua kabati? Nani ananunua piano? Kulikuwa na mikono ya watu wanaojua randa na patasi, imekaa tu. Basi, ndiyo tumerudi High Wycombe. Wale mafundi wa viti katika mji alikozaliwa walianza kuunda vipande vya ndege, na wanawake wengi wakaingia kwenye karakana hizo.

Uchoraji ulifanyiwa Salisbury Hall, jumba la kale nje ya London, ili kuwakwepa warushaji mabomu wa Kijerumani. Hata hivyo hawakuepuka kila kitu. Tarehe 3 Oktoba 1940 ndege moja ya Ujerumani ilikipiga kiwanda cha Hatfield, ikaua watu 21 na kuteketeza sehemu kubwa ya vifaa vilivyokuwa vimekusanywa kwa ajili ya ndege mpya. Wiki saba tu baadaye, tarehe 25 Novemba 1940, ndege ya kwanza ikaruka hapo hapo Hatfield. Ilipewa jina la Mosquito. Sisi watu wa Afrika hatuna haja ya kuelezwa maana ya mbu, anayekuja bila kuonekana, anauma, unapiga kofi hewani, yeye ameshaenda zake.

Na rubani siku hiyo alikuwa nani? Geoffrey mdogo, yule mtoto aliyebebwa na mama yake mwaka 1910, sasa ni mkuu wa marubani wa majaribio wa babake.

Februari 1941 serikali ikaipima. Mosquito ikafikia karibu kilomita 630 kwa saa, ikaipita Spitfire, ndege ya kivita iliyokuwa fahari ya Waingereza. Kicheko kikakatika. Sasa kila mtu anaitaka: ya mabomu, ya kupiga picha, ya kuwinda usiku. Jumla ziliundwa 7,781, Uingereza, Kanada na Australia.

Namna ya kuziunda ndiyo ilinifurahisha zaidi nilipoisoma. Mwili uliundwa kwa nusu mbili, kushoto na kulia, kama ganda la njugu lililopasuliwa. Kila nusu ilikandikwa juu ya kalibu kubwa, plaiwudi ya birchi, kisha balsa, kisha birchi tena, ikakazwa kwa mikanda mpaka gundi ishike. Kabla ya kuzifunga, mafundi waliingiza nyaya na mabomba ndani ya kila nusu wakiwa wamesimama wima na mwanga wa kutosha, badala ya kujikunja ndani ya shimo kama fundi wa matatu aliye chini ya gari. Halafu nusu mbili zinakutanishwa, zinabandikwa. Risasi ikitoboa, seremala anakata palipoharibika, anatia kiraka.

Isidhaniwe kwamba mbao zilikuwa malaika. Gundi ya mwanzo ilitokana na kaseini, yaani maziwa, na maziwa na unyevu mnajua hayapatani. Ikabidi watumie gundi za viwandani za kemikali. Hata hivyo mwaka 1944, huko India na Burma, penye joto na mvua za masika zisizokwisha, Mosquito kadhaa zilivunjika mabawa angani na marubani wakafa. Hereward, ndugu yake de Havilland, alitumwa India kuchunguza. Wengine wakalaumu hali ya hewa, wengine wakalaumu maungio yaliyofanywa ovyo viwandani. Dawa mojawapo ilikuwa kubandika ukanda wa plaiwudi juu ya maungio ya bawa ili maji yasipenye. Seremala yeyote wa Jua Kali angewaambia kwamba mlango uliokatwa wakati wa kiangazi hukwama wakati wa mvua.

Mwaka 1944 mfalme akampa de Havilland cheo cha Sir. Lakini mwaka uliotangulia, tarehe 23 Agosti 1943, Mosquito mbili za kiwanda chake zilikuwa zimegongana angani zikiwa katika majaribio. Wanne walikufa. Mmoja wao ni John, kitindamimba wake. Kisha tarehe 27 Septemba 1946 Geoffrey mdogo akiwa na umri wa miaka 36 alirusha DH.108, ndege ya jeti isiyo na mkia wa kawaida, iliyokuwa ikikaribia mwendo wa sauti. Ikapasuka angani juu ya mdomo wa mto Thames. Louise, yule aliyeshona mabawa ya kwanza, hakuweza kuyabeba hayo. Alifariki mwaka 1949. Nimejaribu kuwaza jinsi mzee huyu alivyoamka asubuhi akaenda tena kiwandani kutazama ndege zikiruka, nimeshindwa. Alikwenda, lakini.

Tayari kampuni ilikuwa imeingia katika jeti. Vampire, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1943, ilikuwa jeti ambayo sehemu ya mbele ya mwili wake, alipokaa rubani, bado ni plaiwudi na balsa. Jeti ya mbao! Ila ndege ya abiria ya kuruka juu sana haikuweza kuwa ya mbao, na hapo de Havilland akaingia katika metali mzima mzima. Comet mpya, ndege ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria, iliruka tarehe 27 Julai 1949, siku aliyotimiza miaka 67. Mei 1952 ilianza safari za London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Januari na Aprili 1954, mbili kati ya hizo zilipasuka angani juu ya bahari karibu na Italia, watu 56 wakafa. Uchunguzi wa Farnborough ulizamisha mwili wa Comet katika tangi kubwa la maji, wakaujaza na kuupunguza shinikizo maelfu ya mara, mpaka wakaona ufa. Metali ilikuwa imechoka. Ile ngozi nyembamba ya alumini, kwa kuvimba na kunywea kila safari, ilichanika kama waya unaoupinda huku na huku mpaka unakatika mkononi. Mbao huvumilia kupindwa-pindwa kuliko alumini, na sidhani kuna aliyelijua hilo vizuri kuliko mzee mwenyewe. Comet iliundwa upya, ikarudi angani mwaka 1958, na East African Airways walinunua zao mwaka 1960.

Sir Geoffrey de Havilland alifariki tarehe 21 Mei 1965 akiwa na miaka 82. Seven Barrows, pale Hearle alipolala kwenye nyasi, pana jiwe la kumbukumbu.

Na ile Mosquito ya kwanza kabisa? Vita vilipokwisha iliamriwa ichomwe moto, maana nani anahitaji mbao kuukuu. Mfanyakazi mmoja wa kampuni akaificha kwa miaka. Mwaka 1959 ikawekwa Salisbury Hall, mahali ilipochorwa, watu wakaanza kwenda kuitazama. Iko hapo mpaka leo, na ni ya rangi ya manjano.